Kabla ya Kuongeza Wati

Tafakari ya juma. Somo: Luka 15:8–10

Yule mwanamke wa Luka sura ya 15 alikuwa na sarafu kumi, moja ikampotea. Mahubiri mengi hukimbilia mwisho wa kisa, kwenye furaha na majirani walioitwa. Juma hili nataka tubaki naye ndani ya nyumba, wakati sarafu bado haijaonekana. Yesu anamwonyesha akifuata utaratibu: anawasha taa, anafagia, anatafuta kwa bidii. Hapigi kelele. Haendi kukopa sarafu nyingine ili kumi zitimie. Wala haanzi kwa kumshuku mtoto wa jirani, jambo ambalo wengi wetu tungeanza nalo. Anaikubali kwanza habari ngumu, kwamba kilichopotea kimo humu humu ndani na wa kukitafuta ni yeye.

Kuna meza ambayo utaratibu huo wa taa, fagio na macho hufuatwa kwa uaminifu kuliko katika vikao vyetu vingi vya kanisa. Ni meza ya watu wanaojiundia redio ndogo za kupokea na kurusha. Wanaitwa watu wa redio za ridhaa: hawatangazi biashara, hawalipwi, na kila mmoja ana leseni na jina la kituo kutoka mamlaka ya nchi yake. Majina ya Burundi huanza na 9U, ya Tanzania 5H, ya Kongo 9Q, ya Rwanda 9X, hivyo mtu akisikika hewani nchi yake inajulikana hata kabla hajasema yeye ni nani. (Vijana wetu wanaovutiwa na mambo haya wasianze na antena, waanze na ARCT, mamlaka ya mawasiliano kule Bujumbura. Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa, na katika nchi iliyopitia tuliyoyapitia, chombo cha kurushia kisicho na karatasi kinaweza kumtia mwenyewe matatani makubwa kuliko bei yake.)

Miongoni mwao wako waliojiwekea mpaka: wati 5 kwa nukta na vistari vya Morse, wati 10 kwa sauti, basi. Wati 5 ni pungufu ya zile zinazoliwa na taa nyingi za LED tunazofunga sebuleni. Redio zao nyingi huuzwa zikiwa vipande mfukoni: bodi, rezista, kapasita, transista, pete za unga wa chuma za kuzungushia waya, na maelekezo. Kulehemu ni kazi ya mnunuzi. QCX, iliyobuniwa na Hans Summers na kuanza kuuzwa mwaka 2017 kwa dola 49, ilikuwa mojawapo. Ashhar Farhan wa Hyderabad, India, alibuni BITX makusudi ili ijengwe kwa vipande vya bei nafuu vinavyopatikana madukani huko, hata baadhi ya koili akazizungushia kwenye washa za bomba la maji.

Na mmoja wa waliowakusanya watu hawa wa nguvu ndogo alikuwa mchungaji. George Dobbs, kasisi wa Kianglikana wa Rochdale, Uingereza, mwenye jina la kituo G3RJV, alianzisha G-QRP Club mwaka 1974 na kuhariri jarida lake, SPRAT, kwa miongo mingi. Alifariki mwaka 2019. Kabla ya chama hicho, mwaka 1972, alikuwa ameandika kitabu kidogo cha watoto kilichotolewa na Ladybird, Making a Transistor Radio. Redio ya kitabu hicho ilijengwa juu ya kipande cha ubao, nyaya zikibanwa kwa skrubu, bila kulehemu popote. Mtoto alianza na redio sahili ya dayodi isiyohitaji hata betri, akaisikia ikisema, ndipo akaongeza transista ya kwanza, akasikiliza tena, ndipo akaongeza nyingine. Hakuna hatua iliyojengwa juu ya hatua ambayo haijatoa sauti. Naona mkono wa mchungaji pale, na natamani mafundisho yetu ya kipaimara yangepangwa hivyo. Watumishi wa Mungu na redio wamejuana muda mrefu: padre Roberto Landell de Moura alikuwa akipeleka sauti bila waya mjini São Paulo mwaka 1900, na Maximilian Kolbe, aliyeuawa Auschwitz tarehe 14 Agosti 1941, alikuwa ameanzisha kituo cha redio kwenye monasteri yake ya Niepokalanów, Poland, mwaka 1938. Watu wengi wa redio za ridhaa humwona kuwa msimamizi wao.

Sasa tuje kwenye hesabu. Ukishusha nguvu ya redio kutoka wati 100 hadi wati 5, umeipunguza mara ishirini. Mtu angedhani sauti itapotea kabisa. Lakini kwa anayepokea, tofauti ni desibeli 13, na kipimo cha mawimbi kwenye redio yake kinashuka hatua mbili na kidogo tu. Aliyekuwa akikusoma tisa sasa anakusoma karibu saba, na bado anakuelewa neno kwa neno. Kinachoamua zaidi ni waya ulioko juu. Kwa masafa ya megahezi 7 unahitaji waya wa mita ishirini, kumi kila upande, na hapa kwetu michikichi ya kuutundika haikosekani. Ukiutundika mita nne au tano tu kutoka ardhini, mawimbi mengi hupanda karibu wima, anga la juu likayarudisha chini kama maji ya mvua, na milima iliyo nyuma yetu, ile inayotunyima matangazo ya FM, haina cha kuzuia. Mchana, kutoka Nyanza-Lac, mwenye leseni ana nafasi nzuri ya kusikika Bujumbura, Gitega, Uvira na Kigoma kwa nguvu hiyo ndogo. Usiku mawimbi hayo hayo huenda mbali zaidi.

Ningependa kila kamati ya kanisa inayochangisha fedha za spika ipewe hesabu hii kabla ya kupitisha kapu. Jumapili asubuhi, ukisafiri kwa gari kutoka Rumonge kuja huku kwetu, utasikia makanisa yakishindana kwa amplifaya barabara nzima. Watu wakipungua, tunanunua kubwa zaidi. Nyumbani nako ni vivyo hivyo: mtoto asipotii sauti inapanda, mke na mume wasipoelewana sauti inapanda tena. Huko kote tunaongeza wati, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama waya umekatika.

Anayejenga redio ya wati 5 hana njia hiyo ya mkato. Wati za kuongeza hana, kwa hiyo analazimika kujua kutafuta. Tumtazame kwa utaratibu, maana hapa ndipo kisa cha Luka kinaponifungukia.

Redio aliyoimaliza jana imenyamaza. Kwanza haiwashi. Anachukua taa na kioo cha kukuzia, anaipitia bodi nzima, kiungo kwa kiungo, pamoja na vile anavyokumbuka kuwa alivilehemu vizuri. Hasa vile. Anatafuta risasi ya kulehemia iliyomwagika ikaunganisha nukta mbili zisizohusiana, dayodi iliyogeuzwa, kapasita iliyopandwa chanya kwenye hasi, rezista mbili zilizobadilishana nafasi kwa sababu pete ya kahawia na pete nyekundu hufanana kwenye mwanga hafifu. Akimaliza ndipo anaunganisha betri, na hata hapo ni kupitia fyuzi ndogo na mita ya kupimia ampea. QCX inayopokea tu hula karibu sehemu moja ya kumi ya ampea. Ikila ampea nzima kuna shoti mahali, naye anaizima kabla ya kuambiwa na moshi. Kisha anapima volti. Kumi na mbili zinaingia? Tano zinatoka kwenye kidhibiti? Redio isiyopata umeme haihitaji kufanyiwa falsafa.

Umeme ukiwepo na ukimya ukiendelea, anagawa njia katikati. Mawimbi huingia kwa antena, yakachujwa, yakachanganywa, yakawa sauti, sauti ikakuzwa mpaka masikioni. Anagusa kwa kidole pale sauti inapoanza kukuzwa. Ikinguruma, nusu ya mwisho ni nzima na kosa liko upande wa antena. Isiponguruma, ameshajua pa kushughulika. (Umeme wa mtaani ukiwa umekatika, ngurumo hiyo huwa hafifu mno, kwa kuwa hutokana na nyaya za umeme zilizo jirani. Hapo gusa kwa ncha ya bisibisi usikilize mkwaruzo.) Kila mguso unaondoa nusu ya mashaka. Miguso minne au mitano hivi, na ameshaufikia mtaa ambamo kosa linaishi.

Kosa lenyewe, mara nyingi, ni la kusikitisha kwa udogo wake. Wajenzi wanaoanza huapa kuwa wameuziwa transista mbovu, nayo transista ni nzima. Makosa mawili ndiyo yanayorudi kila mara.

La kwanza ni vanishi. Waya wa shaba wa kuzungushia pete umepakwa vanishi ili mizunguko isigusane. Ncha zake zisipokwanguliwa au kuchomwa mpaka shaba itokeze, risasi huukumbatia waya vizuri kabisa, kiungo kinang'aa, na umeme haupiti. QCX ina pete moja yenye mizungusho minne tofauti, ncha nane kwenye matundu manane, na wengi walioikuta redio yao kiziwi walilipata kosa hapo hapo. Ukitazama kwa macho huoni kitu. Ni mita tu, ukiweka ncha moja huku na nyingine kule, inayokwambia kwamba vitu hivi viwili vilivyokaa pamoja havijawahi kugusana.

La pili mafundi hulijua kama kiungo baridi. Hutokea mtu akiyeyusha risasi kwenye chuma cha kulehemia na kuidondosha juu ya mguu wa kipande ambao haujapata moto, au akikitikisa kiungo kabla hakijaganda. Risasi inakaa juu, imeshika kwa ngozi tu. Redio ya namna hiyo husema asubuhi na kunyamaza mchana bodi ikipata joto. Ukiibonyeza inasema, ukiiachia inakatika. Na hapa sote ni mafundi, maana nani pwani hii hajawahi kuipiga redio kofi ikaanza kuongea? Kofi hufanya kazi kwa sababu kiungo kimeguswa kwa dakika chache. Kesho kofi litahitajika tena, kali zaidi kidogo. Nasema haya nikijua zipo nyumba za waumini wetu zinazoendeshwa kwa makofi, na baba akiulizwa anajibu kwamba baada ya hapo mambo hukaa sawa. Hayajakaa sawa. Anachokiona ni kiungo kilichoguswa, na anayepigwa ndiye anayelipa ili kisikike.

Dawa ya kiungo baridi inajulikana. Risasi zaidi haisaidii, itafanya donge kubwa tu. Ncha ya chuma iguse mguu wa kipande na duara la shaba la bodi kwa wakati mmoja, sekunde mbili au tatu, mpaka vyote viwili vipate moto. Risasi ikiletwa hapo inatambaa yenyewe kwenye pande zote. Kisha chuma kinaondolewa na hakuna anayegusa mpaka igande. Ukipasha moto upande mmoja, risasi itashika upande huo peke yake.

Mwaka ule ule wa 1972 ambao Dobbs alichapisha kitabu chake cha watoto, watu wa Rumonge na Nyanza-Lac walikuwa wakiyakimbia mauaji kwenda Tanzania, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi, wakiacha nyuma michikichi yao na maiti ambao hawakuweza kuzikwa. Wengi waliishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Tangu 2008 wengi wakarudi, pamoja na watoto na wajukuu waliozaliwa huko na Kiswahili hiki ninachokiandikia. Mashamba waliyakuta na watu, na baadhi ya watu hao waliyapata kwa karatasi za serikali, wakayalima miaka mingi, wakazalia humo. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, ilipokea mashauri mengi sana kutoka ukanda wetu, na mara nyingi suluhu ilikuwa kuligawa shamba baina ya familia mbili. Mpaka ukapandwa, mikono ikapeanwa, karatasi ikatiwa saini. Leo wapo waliogawana hivyo ambao wanazikana na kuozana. Wapo pia waliogawana hivyo ambao hawasalimiani wakikutana kisimani. Kwenye faili viungo hivyo viwili vinafanana kabisa.

Nasi wachungaji tumefanya nini? Tumeongeza risasi. Semina ya upatanisho baada ya semina ya upatanisho, kofia na fulana, wimbo wa kwaya ulioandaliwa kwa ajili ya wageni. Au tumempasha moto mmoja: aliyerudi tumemhubiria kusamehe, Jumapili baada ya Jumapili, na aliyekutwa shambani hatukumwambia neno, kwa kuwa ndiye mzee wa kanisa. Kwingine tumefanya kinyume chake, tukamlaumu aliyekutwa kana kwamba yeye mwenyewe hakuahidiwa na serikali kuwa ardhi ile ni yake. Kukaa na wote wawili chumba kimoja, kwa muda wa kutosha, bila kamera, na kuwaacha watulie kabla hatujaanza kushangilia, ni kazi tuliyoifanya mara chache. Ni kazi ya polepole na haipendezi kwenye ripoti.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa redio ndogo wanalifuata karibu wote, nalo linagusa mpangilio wa kazi. Sehemu ya kupokea hujengwa na kupimwa kwanza. Sehemu ya kurusha huja mwisho, na hata ikikamilika haiunganishwi na antena papo hapo. Hupimwa kwanza kwenye rezista ya omu 50 inayoigeuza nguvu yote kuwa joto, kwa sababu transista za mwisho zikirusha bila kitu cha kuzipokea zinaweza kuungua. Kwa wiki nyingi, basi, mjenzi ana redio inayosikia tu. Katika kusikiliza huko anajifunza kuzima vitu vya nyumbani kwake kimoja kimoja: chaja ya simu, kidhibiti cha sola cha bei nafuu, taa ya LED inayovuma kwenye masafa yote. Na hapa sisi wa vijijini tuna baraka ambayo miji mikubwa imeikosa. Katikati ya London, ukuta kwa ukuta, vifaa ni vingi hata mawimbi dhaifu yanazama kwenye kelele. Huku kwetu, ukitoka hatua chache nje ya mji, hewa ni safi. Betri ya pikipiki ya volti 12, ikichajiwa na paneli ndogo, humtosha msikilizaji usiku kadhaa.

Wazee wetu wanaelewa kusikiliza huko bila kufundishwa. Mwaka 1994 BBC ilianzisha kipindi cha Gahuzamiryango ili ndugu waliotawanyika katika Maziwa Makuu wapate kutafutana. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera kule Ngara, upande wa Tanzania. Aliyekuwa kambini hakuwa na njia ya kurusha chochote. Alikuwa na redio ya betri mbili, na alisikiliza, kwa kuwa jina lolote kati ya yanayosomwa lingeweza kuwa la mwanawe. Hakuna aliyemwambia aongeze sauti yake.

Kwa hiyo, wapendwa, katika mikutano ya jumuiya ndogo juma hili naomba tufanye hivi. Kila jumuiya ichague shauri moja lililo ndani yake, la mpaka wa shamba au la nyumba isiyo na amani, na si la jumuiya ya pili. Wahusika wote wawili wakubali kwanza kuja. Asiyekuja asisemwe akiwa hayupo. Lakini pale ambapo mmoja anampiga mwenzake, msiwakalishe pamoja: anayepigwa apelekwe kwanza mahali pa salama, na shauri liletwe kwangu au kwa wakuu wa mtaa. Mkutano wa kwanza ni wa kupokea tu: kila mmoja aeleze, na wengine tuulize maswali ya kuelewa, pasipo ushauri, pasipo aya za Biblia, pasipo maombi marefu yenye mafumbo ya kumchoma mmoja wao. Majibu yasubiri mkutano wa juma linalofuata. Wazee watakaosimamia wasiwe na undugu wala deni kwa upande wowote. Na spika ya kanisa, hata kama mkutano unafanyika uani na watu ni wengi, ibaki stoo.